Mtu akipigwa na radi mguseni, na anzeni na yule alokuwa kimya

Assalam alaykum nyote. Kila masika na kila vuli maneno ni yale yale, radi imepiga pahala fulani, na ukiuliza ilikuwaje unaambiwa alianguka pale, watu wakamzunguka, wakasubiri gari, hapana aliemgusa kwa sababu walisema mwili bado una umeme. Hili linaniuma sana na ndo lilonifanya niandike. Mie ni nesi, niko Pemba, na hata mukisahau yote mengine humu ndani mushike hili moja: alopigwa na radi hana umeme, mguseni pale pale, na kama wamepigwa watu wengi basi anzeni na yule ambae hasemi na hapumui, yule ambae kila mtu keshamsomea innalillahi.

Nieleze kwanza hili la umeme maana bila ya kuliondoa hapana atakaesogea. Radi inapita mwilini kwa muda mdogo sana, haifiki hata sekunde, halafu imekwisha, ishazama ardhini. Mwili wa binadamu hauwezi kuuweka ule umeme. Ukimshika unashika mtu tu, kama unavyomshika alozimia kwa njaa. Nafikiri sisi tumechanganya na umeme wa ZECO, yaani shirika la umeme la Zanzibar, mtu kanaswa na waya nyumbani, waya uko mkononi na umeme unaendelea kuja, huyo kweli usimguse mpaka uzime meni suichi. Radi si hivyo. Hali moja tu ndo ya kuiogopa, radi imepiga nguzo au mti umeangukia laini na waya uko chini. Hapo kaeni mbali, japo mita kumi, pigeni simu umeme ukatwe kwanza, hata kama munamuona mtu kalala pale na roho inakuvuteni.

Sasa kabla hujakimbia kumfata tizama juu. Ikiwa mvua na ngurumo bado ziko kichwani mwenu na wewe unaweza kupigwa, na ile habari ya kwamba radi hairudi pahala pamoja haina ukweli wowote, kule Marekani kulikuwa na mlinzi wa mbuga akiitwa Roy Sullivan alipigwa mara saba baina ya mwaka 1942 na 1977. Kwa hiyo kama kuna nyumba ya matofali karibu, au gari yenye bati juu na milango ya kufunga, mnyanyueni haraka mumtie ndani halafu muanze kazi, watu wawili watatu wanamuweza, mmoja kwapani mmoja miguuni, au mumlaze juu ya leso mbili mubebe kwa pembe. Banda la makuti halizuii radi, wala chini ya mwembe, wala chini ya mnazi ndo kabisa. Kama hapana pahala pa karibu basi muanze hapo hapo alipo, wawili watatu wafanye kazi na waliobaki waondoke, waingie ndani, musirundikane watu ishirini uwanjani kumzunguka mtu mmoja.

Nasema musirundikane kwa sababu watu wengi wanaoumizwa na radi haikuwapiga wao kichwani. Radi inapiga mnazi, au nguzo, au mchanga mtupu, kisha umeme unatambaa kwenye ardhi unaingia mguu huu unatokea mguu ule. Au inapiga mti halafu inaruka kutoka kwenye shina kumfata alojikinga chini yake. Ng'ombe wanakufa wengi kwa mpigo mmoja kwa sababu hiyo, miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali mbali na moyo uko katikati ya njia. Mwaka 2016 huko Norway, kwenye nyanda za Hardangervidda, walikutwa wanyama 323 wa jamii ya kulungu wamekufa pahala pamoja baada ya mvua ya radi. Na kwa watu ni hivyo hivyo, Uganda mwaka 2011, skuli ya Runyanya wilaya ya Kiryandongo, radi moja iliua watoto 18 na mwalimu wao. Kwa hiyo musishangae mukifika pahala mukakuta watu sita wako chini. Kinamama wa mwani pwani, wachumaji wa karafuu walokimbilia chini ya mkarafuu, vijana wanaocheza mpira, hawa wote wako pamoja, na radi itawapata pamoja.

Na hapa ndo penye lile nilotaka kusema.

Kwenye ajali ya kawaida, gari imepinduka majeruhi kumi, tunafundishwa umuache ambae hapumui na hana dalili ya uhai, uende kwa wale unaoweza kuwaokoa, maana mikono ni michache. Kwa radi mambo yamegeuka juu chini. Anaelia yuko hai. Anaepiga kelele "miguu yangu, siisikii miguu yangu" yuko hai. Anaezunguka zunguka hajui yuko wapi wala leo siku gani, yuko hai, na kwa sababu anapumua hapo mwanzo basi karibu hakika ataishi, radi ina tabia hiyo, inayemuua inamuua pale pale kwa kusimamisha moyo, na ambae moyo haukusimama mara nyingi sana hafi. Daktari mmoja wa Marekani, Mary Ann Cooper, alikusanya kesi za watu walopigwa na radi akazitoa mwaka 1980, na jambo hili lilionekana wazi humo, vifo viliwaangukia wale walosimama moyo papo hapo. Katika watu kumi wanaopigwa karibu tisa wanabaki na uhai. Kwa hiyo wale wanaolia waambieni tu kaeni chini tunakuja, na nyote mukimbilie kwa yule alolala kimya rangi imembadilika. Yeye ndo mwenye dakika chache na yeye ndo anaeweza kurudi.

Kwanini anaweza kurudi wakati aliegongwa na gari moyo ukasimama mara nyingi harudi? Kwa sababu mwili wake haujaharibika. Damu yote imo ndani, mapafu ni mazima, moyo wenyewe ni mzima, umeshtuliwa tu ukasimama. Na moyo una uwezo wa kujianzisha wenyewe, mara nyingi baada ya muda mfupi unaanza kudunda tena bila ya mtu kufanya kitu. Lakini ile sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi imezimia na hiyo inachelewa kuamka kuliko moyo. Ni injini ya boti imewaka lakini mafuta hayaji, itazunguka kidogo kisha itazima, na ikizima mara ya pili kuiwasha tena ndo shughuli. Moyo unadunda, hapana hewa, damu inakosa oksijeni, moyo unasimama mara ya pili, na safari hii umekufa kwa kukosa hewa si kwa radi. Mtu aliekuwa arudi anafia mikononi mwa watu walosimama wanamtizama. Ndo maana kwa mtu wa radi mie nasisitiza sana pumzi, si kukandamiza kifua peke yake.

Haya tufanye kazi. Mtikise mabega mwite kwa sauti, fulani, fulani! Hajibu. Mlaze chali pahala pagumu, pasiwe godoro wala mchanga uloroa ukiweza kupaepuka. Tizama kifua kinapanda? weka shavu lako karibu na pua yake usikilize, usizidishe sekunde 10. Akiwa anatoa mkoromo mmoja halafu kimya kirefu halafu mkoromo mwengine, hiyo si pumzi musidanganyike, muhesabu kwamba hapumui. Hapo hapo mtu mmoja, umtaje kwa jina, umwambie wewe Haji piga 112 na utafute gari, maana ukisema tu "jamani pigeni simu" kila mtu atadhani mwenziwe kapiga.

Piga magoti ubavuni mwake. Kitako cha kiganja chako katikati ya kifua, juu ya ule mfupa baina ya maziwa mawili, mkono wa pili juu yake, mikono imenyooka kama ilivyo bila ya kukunja viwiko, halafu kandamiza kwa uzito wa mwili wako wote, kifua kizame sentimita 5 mpaka 6, uachie kirudi juu chenyewe, tena, tena. Kasi yake ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde, watu wengi wanafanya polepole na juu juu kwa kuogopa kumuumiza. Mbavu zikilia musiache, mbavu zinapona. Ukifika 30 inua kidevu chake uinamishe kichwa nyuma ili njia ya hewa ifunguke, mbane pua, funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, pulizia sekunde moja mpaka uone kifua kimepanda, kishuke, pulizia mara ya pili. Kisha rudi kwenye 30. Kifua kisipopanda weka kichwa sawa tena ujaribu, yawezekana kuna kitu mdomoni, meno ya bandia, tope. Mupokezane kila dakika mbili maana kazi hii inachosha haraka sana, alochoka anakandamiza vibaya na yeye mwenyewe hajijui.

Mtoto ni mambo hayo hayo ila mkono mmoja unatosha, kifua kizame thuluthi moja ya unene wake, na pumzi iwe ndogo kwa kadiri ya mapafu yake. Kwa mtoto nakwambieni anzeni na pumzi tano kisha mukandamize.

Kama munae mtu anaejua kutafuta mapigo, atafute shingoni pembeni ya koo, si mkononi wala mguuni (ntaeleza kwanini), na akiyapata lakini mtu hapumui basi musikandamize kifua, mumpulizie tu, pumzi moja kila sekunde 5 au 6 kwa mtu mzima, kila sekunde 3 hivi kwa mtoto, na muyaangalie mapigo tena kila dakika mbili. Hii inaweza kwenda dakika nyingi. Mpulizieni tu, ubongo wake uko njiani kuamka.

Najua kuna jambo linalotuzuia na hatulisemi. Alopigwa ni mwanamke, kavaa baibui, waliopo ni wanaume watupu wa pwani au wa shamba, kila mtu anaona haya kuweka mkono kifuani na mdomo ndo hapasemeki. Jamani hii ni roho ya mtu. Kama yuko mwanamke anaeweza afanye yeye, kama hayupo afanye yoyote alopo, na wenzake washike leso wamzunguke kwa mgongo ili asionekane na watu. Nguo hazihitaji kuvuliwa, unakandamiza juu ya kanzu yake. Ukiona tabu kabisa kuweka mdomo weka kitambaa chepesi baina yenu, mtandio mwembamba unapitisha hewa. Na kama hata hilo limekushinda basi kandamiza kifua usiache, kitu ni bora kuliko kutofanya kitu, japo kwa radi pumzi zina faida yake kubwa kama nilivyosema. Anaemjua imamu au sheha wa shehia yenu amwambie alizungumze hili mbele ya watu kabla ya mvua, lisizungumzwe siku ya msiba.

Na hili la kisomo pia. Wapo watakaosema hii ni kitu cha kutumwa, aitwe fulani kwanza aje asome. Kisomo kisomwe, ngurumo zenyewe tunajua zinamsabihi Mola, subhana lladhi yusabbihu rra'du bihamdihi, lakini anaesoma asome na anaekandamiza akandamize, wakati huo huo, asingojewe mtu. Musimmwagie maji, kesharoa na kupata baridi tayari. Musimtie maziwa wala kitu chochote mdomoni kama hajazinduka sawa sawa, kitaingia mapafuni.

Sasa dalili zinazodanganya, hapa ndo watu wanapoachia. Ya kwanza macho. Unamfungua kope unaona mboni imetanuka kubwa na ukimulika tochi ya simu haisogei, mtu anasema basi huyu keshakufa. Kwa mtu mwengine labda, kwa alopigwa na radi hapana, radi inaweza kuzipooza mboni wakati ubongo uko hai. Musihukumu kwa macho. Ya pili miguu. Miguu inakuwa baridi, rangi ya buluu au nyeupe yenye madoa, haina mapigo, haisogei, mara nyengine na mikono pia. Hii ni mishipa imejikunja kwa mshtuko pamoja na neva kupooza kwa muda, ndo maana nikasema mapigo yatafutwe shingoni. Wengi inarudi baada ya saa chache, miguu inapata joto, anaanza kuchezesha vidole. Mtu mzima wa akili akiwa kalala anasema sina miguu, mwambie itarudi inshaallah, utamuondolea hofu kubwa, ila apelekwe spitali maana kama haikurudi basi huenda uti wa mgongo umeumia. Ya tatu ubaridi wa mwili, karoa mvua huyo, ubaridi wake si ushahidi wa kitu.

Mpaka lini? Mpaka apumue, au wafike watu wa afya waichukue kazi, au mushindwe nguvu kabisa. Mie nasema musiache kabla ya nusu saa nzima ya kazi nzuri. Baada ya hapo kama hapana dalili yoyote tumaini linakuwa dogo sana, lakini hiyo nusu saa ni haki yake.

Baharini ni tabu zaidi na kule kwetu watu wengi wako baharini. Alopigwa ndani ya ngalawa au mashua anaweza kupooza akaangukia majini na akazama bila ya kupiga kelele, kwa hiyo cha kwanza ni kuhesabu watu. Mukimtoa majini hapumui, muanze na pumzi tano kabla ya kukandamiza, maana sasa amekosa hewa kwa sababu mbili. Sakafu ya mtumbwi ni nyembamba lakini inawezekana, mlaze chali baina ya mataruma, wewe umpande kwa magoti kila upande, na mwengine akae kichwani apulizie. Wengine wakae chini katikati, mbali na mlingoti, mikono isiguse maji, mukate njia ya karibu kabisa kwenda pwani, si lazima iwe bandari yenu.

Aloanguka juu ya mkarafuu au mnazi huyo ana mambo mawili, radi na kuanguka. Fikirieni shingo kwanza. Musimuinamishe kichwa nyuma, isukumeni taya yake mbele kwa vidole kutoka pembe za chini ya masikio, njia ya hewa itafunguka hivyo hivyo bila ya kukunja shingo. Isipofunguka basi inamisha kidogo, pumzi inatangulia shingo. Mumbebe watu wanne, kichwa na mwili vinakwenda pamoja kama kitu kimoja, juu ya ubao au mlango ulong'olewa.

Wakishapatikana wenye hali mbaya ndo murudi kwa wale walokuwa wakilia. Watakuwa hawasikii vizuri, damu imetoka sikioni, zaidi ya nusu ya watu wanaopigwa wanapasuka ngoma ya sikio kwa ule mshindo, kwa hiyo musiwapigie kelele mukadhani wamepotewa na akili, waonesheni kwa mikono. Sikio lenye damu musilitie kitu, wala mafuta ya uvuguvugu wala pamba ya kusukumiza. Watakuwa hawakumbuki kilichotokea, wanauliza swali lile lile kila dakika, ni kawaida. Kuungua si kwingi kama watu wanavyodhani, umeme umepita haraka mno haukupata muda wa kuchoma ndani, utaona michirizi pale jasho lilipokuwa likipita, kifuani chini ya maziwa, kwapani, na alama nyeusi pale palipokuwa na chuma. Vueni mikufu, bangili, pete, saa, mkanda wenye bakli, toeni simu na funguo mifukoni, chuma kinabaki na moto na vidole vinavimba. Palipoungua mwagieni maji safi ya kawaida, funikeni na kitambaa safi kikavu, musipake dawa ya meno wala unga wa ngano. Kisha mfunikeni mwili mzima kwa nguo kavu.

Kuna na zile alama za majani. Baada ya muda mfupi ngozi ya mgongo au kifua inatoka picha nyekundu yenye matawi matawi, utadhani mtu kachora mti. Watu wanaogopa sana wakiiona, wengine wanataka kuisoma. Haina tafsiri wala haihitaji dawa, wala si moto uloungua ngozi, inaondoka yenyewe ndani ya siku moja hivi. Faida yake ni moja, mukimkuta mtu peke yake shamba kazimia na hapana alieona, ile alama inakwambieni alipigwa na radi.

Wote waende spitali. Wote, hata anaesema mie nzima niacheni nende nyumbani. Moyo unaweza kupiga vibaya na mwenyewe hajui. Asipandishwe bodaboda alozimia, atafutwe mwenye pikapu au gari ya abiria, na kama bado hapumui kazi iendelee humo humo ndani ya gari. Kwa Pemba nendeni iliyo karibu, Wete, Chake, Micheweni au Abdalla Mzee Mkoani, kwa Unguja Mnazi Mmoja au ya wilaya yenu, na neno la kwanza mlangoni liwe "amepigwa na radi, saa ngapi, alizimia au hakuzimia, mulimkandamiza kifua muda gani." Maneno haya yanaokoa muda mwingi.

Na wenzangu wa vituo vya afya kwa haraka: ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwa kila mmoja, alozimia au mwenye maumivu ya kifua au ECG mbaya abakie mukimtizama moyo, japo siku nzima. Musimmiminie dripu kwa kipimo kile cha alochomwa na laini kubwa ya umeme, huyu misuli yake mara nyingi haikuungua ndani na maji mengi yatamuumiza, hasa kama ubongo umevimba. Akiwa na presha ya chini mutafute sababu nyengine, ameanguka, anavuja damu ndani. Angalieni masikio, macho, sindano ya pepopunda. Mashine ya kushtua moyo kama ipo, na baadhi ya hoteli za kitalii wanazo kwa hiyo ulizeni, ikaushwe kifua kwanza halafu itumike kama kawaida.

Mama mjamzito nimemtenga makusudi. Yeye anaweza kuwa hana hata alama moja na mtoto tumboni akawa taabani. Apelekwe siku ile ile, asikilizwe mapigo ya mtoto, na akirudi nyumbani ahesabu mtoto anavyocheza, akiona kanyamaza arudi usiku huo huo asingoje asubuhi.

Kujikinga ntasema kidogo tu maana wengi mushasikia. Ukiona umeme anza kuhesabu, kila sekunde tatu ni kilomita moja, ikifika ngurumo kabla ya sekunde 30 uko ndani ya hatari, ingia ndani ya nyumba na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hizo dakika 30 ndo ngumu, mvua imekatika, jua limetoka, kinamama wanataka kurudi kwenye mwani kabla maji hayajajaa, wachumaji wanataka kumaliza mti. Subirini. Kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu hakuongezi wala hakupunguzi kitu, ukitaka kufunika funika, ila usiwe umefunika kioo na huku watoto wako uwanjani. Walimu wa skuli nakuombeni sana, ngurumo ya kwanza mpira uishe.

Nimalizie na baadae, maana mtu akitoka spitali watu wanadhani yamekwisha. Wengine wanabaki na usahaulifu, kichwa kinauma, usingizi hauji, hasira za haraka, ganzi mikononi, mlio masikioni, na hii inaweza kuchukua miezi na kwa baadhi ikabaki. Mtoto alokuwa wa kwanza darasani anashuka na mwalimu anamwita mvivu. Si uvivu, ni ubongo, arudishwe kwa daktari na apewe muda. Na macho yapimwe tena hata kama siku ya kwanza yalikuwa mazima, mtoto wa jicho wa radi anaweza kuja baada ya wiki au miezi kadhaa, mtu anaanza kuona ukungu na hakumbuki kuuhusisha na ile mvua, kumbe anatibika, anafanyiwa operesheni akaona. Kwa hiyo mukimpeleka kwa daktari wa macho mwakani, bado mwambieni, huyu alipigwa na radi.